Mtafiti Huacha Lini Kupima?

Katika miaka ya 1960, fundi wa maabara katika chuo kikuu cha Dar es Salaam alipewa kazi ndogo. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia, alimwomba aweke maji ya moto na maji ya uvuguvugu kwenye friza, aone yapi yataganda kwanza. Fundi akarudi na jibu: ya moto yametangulia. Kisha akaongeza, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Osborne aliiweka kauli hiyo kwenye maandishi, ikachapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, ndani ya makala aliyoiandika pamoja na Erasto Mpemba. Wengi wakiisikia hucheka. Kwangu mimi, hakuna sentensi nzito kuliko hiyo katika kisa chote, maana imebeba swali ambalo yeyote anayetaka kujua kama sayansi inaaminika lazima akutane nalo: mtafiti anajuaje kwamba sasa amepima vya kutosha?

Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, kule Usambara, alipoanza kusumbuliwa na jambo hili mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa, wakitia sukari, wakingoja yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friza kutengeneza aiskrimu. Siku moja nafasi ilikuwa ikiisha, naye akaona bora ayaweke yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya dunia nzima, na darasa likaigeuza kauli hiyo kuwa dhihaka ya kila alipokosea. Osborne alipofika shuleni hapo kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama akauliza swali lile lile mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka. Osborne hakuamini alichosikia, lakini aliporudi Dar es Salaam aliagiza lijaribiwe.

Sasa tumrudie fundi yule. Waswahili husema mwamba ngozi huvutia kwake, na mara nyingi tunapozungumzia upendeleo katika utafiti tunamfikiria mtu wa namna hiyo: kampuni ya dawa inayotaka kuuza, mtaalamu anayetaka cheo, serikali inayotaka takwimu za kujisifia. Watu hao wapo na madhara yao tunayajua. Lakini fundi wa Osborne hakuvutia kwake. Hakuwa na senti ya kupata maji ya moto yakishindwa. Alivutia kwenye kitabu, kwenye kile alichofundishwa na watu aliowaheshimu, na aliona kufanya hivyo ndio uaminifu wenyewe. Wala hakukusudia kudanganya. Kila kipimo ambacho angekichukua kingekuwa cha kweli, na kila namba angeiandika kama alivyoiona. Kasoro ingekuwa mahali pamoja tu, pale pa kuacha. Maji ya uvuguvugu yangetangulia mara moja, kazi ingekwisha. Maji ya moto yangetangulia mara kumi, kazi ingeendelea. Mtu anaweza kuwa mkweli katika kila hatua ya safari na bado akafika alikokwisha kuamua kufika.

Hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane na wale wanaodhani kwamba tiba ya upendeleo ni kupata watafiti wenye tabia njema. Tabia njema ni sharti, lakini haitoshi.

Hata hivyo fundi yule ana utetezi, na haki inataka tuusikilize. Mtu aliyefundishwa kwamba kitu cha moto hupitia ubaridi wote wa kitu cha uvuguvugu kabla ya kuganda hana wajibu wa kuitupa elimu hiyo kwa sababu ya friza moja. Kipimo kimoja kinaweza kudanganya. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walichapisha majaribio yao katika Scientific Reports wakieleza kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa maji ya moto kutangulia kupoa, na kwamba kusogeza kipimajoto kwa takriban sentimita moja tu kunatosha kuleta tofauti ya uongo. Wengine wakajibu kwamba wawili hao walipima muda wa maji kushuka hadi nyuzi 0, ilhali kuganda ni jambo jingine, maana maji yanaweza kushuka chini ya 0 yakabaki maji. Mjadala haujafungwa. Kwa hiyo fundi aliposhuku friza yake hakuwa mjinga.

Kuna kisa kikubwa zaidi kinachomtetea. Septemba 2011 kundi la wanafizikia wa jaribio la OPERA lilitangaza kwamba chembe ziitwazo nyutrino zilizorushwa kutoka maabara ya CERN, karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita takriban 730, zilifika mapema kuliko nuru ambayo ingesafiri umbali huo huo, kwa sehemu 60 kati ya bilioni moja za sekunde, yaani nanosekunde 60. Kama ni kweli, nadharia ya Einstein ilikuwa imepata ufa. Walikuwa wametafuta kosa kwa miezi kadhaa wasilione. Waliendelea kutafuta, na mwanzoni mwa 2012 wakaliona: waya wa faiba uliounganishwa na saa yao ulikuwa haujakazwa vizuri. Walirudia mpaka wakapata jibu sahihi, na jibu sahihi lilikuwa lile la kitabuni.

Basi OPERA wanatofautianaje na fundi wa Dar es Salaam? Si katika shaka, maana wote walishuku. Tofauti ni kwamba OPERA waliliweka hadharani jibu wasilolipenda kabla hawajajua kosa liko wapi, wakawaita wengine waje wawasaidie kuliangusha. Walilipia uwazi huo: viongozi wao wawili walijiuzulu Machi 2012. Naona uchungu kwamba dunia ya wanasayansi iliwakumbuka kwa waya uliolegea zaidi ya kuwakumbuka kwa ujasiri wa kuonesha namba iliyowaaibisha.

Lakini tusijifariji haraka. Lau nyutrino zingefika kwa wakati uliotarajiwa, nani angekwenda kukagua waya ule? Waya ungebaki umelegea, na makala ingetoka ikisifiwa kwa usahihi wake. Shaka ya mwanadamu haigawanyiki sawasawa. Tunalikagua jibu geni kuanzia unyayo hadi utosi, na jibu tulilolizoea tunalifungulia mlango bila kuuliza jina. Francis Bacon aliliona hili tangu 1620: akili ikishapenda wazo, huhesabu yanayolithibitisha na kuyapita yanayolipinga.

Robert Millikan ni mfano unaoniumiza kichwa kuliko yote, kwa sababu alikuwa sahihi. Alipima chaji ya elektroni kwa kutazama matone madogo ya mafuta yakielea hewani katikati ya mabamba yenye umeme, na katika makala yake ya 1913 alitoa matone 58, akisema kwamba hayo si yaliyochaguliwa bali ni yote aliyoyapima kwa siku 60 mfululizo. Mwanahistoria Gerald Holton alipofungua madaftari ya maabara ya Millikan katika miaka ya 1970 alikuta matone mengi zaidi ya hayo, na pembeni mwa baadhi yake maneno ya furaha kwamba hili ni zuri, lichapishwe. Mengine aliyaacha kwa sababu za haki, kama vifaa kutotulia. Mengine, wataalamu wanabishana hadi leo. Millikan alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1923, na chaji ya elektroni aliyoitoa inakaribia sana ile tunayoitumia sasa. Pengo dogo lililobaki lilitokana zaidi na thamani ya mnato wa hewa ambayo haikuwa sawa.

Je, kwa kuwa alifika kwenye ukweli, tumsamehe njia? Nadhani swali hilo linapotosha. Jicho lake la fundi mzoefu huenda kweli lilitambua tone baya kabla hajajua kwa nini ni baya, na ustadi wa namna hiyo ni mali halali ya sayansi. Ila sisi tunaosoma makala hatulioni jicho lake. Tunaona matone 58 na neno la mwandishi kwamba hakuchagua. Jicho lililotambua vizuri na jicho lililojidanganya huandika ukurasa unaofanana herufi kwa herufi. Kuwa sahihi ni jambo moja. Kumpa msomaji sababu ya kuamini kwamba uko sahihi ni jambo jingine, na sayansi hudai heshima yake kwa hilo la pili.

Tatizo hili la kuacha, wanatakwimu wamelipatia kipimo chake. Mwaka ule ule wa 1969, Peter Armitage na wenzake walichapisha hesabu iliyopaswa kuwanyima watafiti wengi usingizi. Tuseme dawa haifanyi kazi hata kidogo, na mtafiti anatumia kigezo cha kawaida kinachomruhusu kudanganywa na bahati kwa asilimia 5 tu. Akitazama matokeo mara moja mwishoni, hatari yake ni hiyo 5. Akiyatazama mara tano kadiri wagonjwa wanavyoongezeka, akiwa tayari kuacha wakati wowote dawa itakapoonekana kushinda, hatari hupanda hadi karibu asilimia 14. Akiyatazama mara kumi hufika asilimia 19. Hakuna namba iliyoghushiwa. Mtafiti huyu ni fundi wetu aliyegeuzwa: yule hakutaka kuacha mpaka apate alichokitarajia, huyu anaacha mara tu anapokipata.

Uhuru kama huo upo pia katika kuchagua cha kupima, na kitu kimoja kinaonesha ukubwa wake. Robert Kaplan na Veronica Irvin mwaka 2015 walipitia majaribio makubwa ya dawa na virutubisho vya magonjwa ya moyo yaliyofadhiliwa na taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia moyo, mapafu na damu. Kati ya majaribio 30 yaliyochapishwa kabla ya mwaka 2000, majaribio 17 yalionesha faida. Kisha likaja sharti la mtafiti kusajili hadharani, kabla ya kuanza, atapima kitu gani hasa. Kati ya majaribio 25 yaliyofuata, yaliyoonesha faida ni 2. Yapo mengine yaliyobadilika katika miaka hiyo na sitaki kuubebesha usajili sifa zote. Lakini moyo wa binadamu haukubadilika mwaka 2000. Kilichobadilika ni uhuru wa kuamua mwishoni kwamba hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Wanafizikia wa Fermilab, karibu na Chicago, walikwenda mbali zaidi. Walipokuwa wakipima usumaku wa chembe iitwayo muoni, mwendo halisi wa saa yao kuu ulifichwa wasiujue. Namba ile waliijua watu wawili tu walio nje ya kundi, ikafungwa ndani ya bahasha. Kwa muda wote wa uchambuzi, hakuna mtafiti aliyeweza kusema kama jibu lake linakubaliana na nadharia au linaipinga. Walibishana, wakasahihisha, wakakagua nyaya zao, na walipokubaliana kwamba hakuna tena la kusahihisha ndipo bahasha zikafunguliwa, mapema mwaka 2021. Baada ya hapo kubadilisha kitu ilikuwa marufuku. Sijui mpango mwingine unaokiri udhaifu wa binadamu kwa unyofu kama huu. Hawakujidai kwamba hawana matarajio. Walihakikisha tu kwamba matarajio yao hayana pa kushika.

Ila muoni haumwi wala hafi. Utafiti ukihusu watu, swali la kuacha huwa na damu ndani yake, na kwetu Afrika Mashariki tumeliona waziwazi. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba sehemu ambako wanaume hawatahiriwi zina maambukizi mengi zaidi ya virusi vya UKIMWI, lakini nani angetenganisha tohara na dini, mila, au mwenendo wa watu wenyewe? Majaribio mawili yalikwenda kulijibu swali hilo: la Kisumu nchini Kenya liliandikisha wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24, na lile la Rakai nchini Uganda wanaume 4,996. Kura iliwagawa: nusu watahiriwe mara moja, nusu wangoje miezi 24.

Kila aliyesoma mstari huo wa mwisho anaona ugumu. Kungoja ndiko kunakoleta uhakika, na wanaongoja ni watu. Kwa hiyo uamuzi wa kuacha haukuachwa kwa watafiti, waliokuwa na miaka ya kazi na matumaini humo. Kamati huru ilipewa jukumu la kutazama takwimu kwa vipindi, ikiwa na mizani mikali iliyokubaliwa mapema, kwa sababu ya hatari ile ile aliyoihesabu Armitage. Desemba 2006 kamati ilishauri yasimame. Kisumu walikuwa wameambukizwa 22 kati ya waliotahiriwa na 47 kati ya waliokuwa wakingoja; Rakai 22 na 45. Maambukizi yalikuwa yamepungua kwa takriban nusu.

Naziamini namba hizo, na sababu ya kuziamini si kwamba nazipenda. Nazijua pia gharama zake. Jaribio linalosimamishwa mapema huelekea kuikuza faida kidogo, maana husimama wakati mizani imeinama zaidi. Na waliokuwa wakingoja walipopewa tohara, kundi la kulinganisha nalo likaisha, na swali la miaka kumi mbele halikuweza tena kujibiwa kwa njia ile. Kungoja mpaka mwisho kungepunguza shaka hiyo. Kungeipunguza kwa kuhesabu maambukizi mengine ya vijana wa Kisumu na Rakai, ambao mtafiti alikuwa tayari anajua namna ya kuwakinga.