Taa Moja, Nani Akae Karibu?

Ndugu msomaji, hebu tuulizane bila kuoneana haya. Wazazi wa kijiji wamechanga: huyu katoa debe la mahindi, yule fedha ya tumbaku, mwingine chumba. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anafundisha jioni, bure. Taa ni moja. Nani akae karibu nayo: anayekaribia kufaulu, au aliyeachwa nyuma?

Kwetu Kabungu, Katavi, swali hili si la mchezo. Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na sita. Tunashukuru. Lakini kufuta ada si kuleta mwalimu wa fizikia. Na mtihani wa taifa, bwana, hauulizi umesomea wapi: karatasi ya Kabungu ndiyo hiyo hiyo ya Dar es Salaam.

Wenzangu wengi husema: tumsukume mwenye akili, akifika chuo kikuu atatuvuta. Hoja ina uzito, maana muda ni mfupi. Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda kuleta kingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kijana afanye kazi kwanza, asifiwe kazini na kwenye chama, ndipo aingie chuo kikuu. Baadaye utaratibu ule ukalegezwa.

Mimi nauliza: waliotoa chakula kile walikula nini wakingoja? Mzazi wa mtoto mzito naye alichanga debe lile lile. Mwanawe akigeuzwa kuni za kuivisha chungu cha mwenzake, huo si ushirika, ni wizi wenye adabu.

Basi naona hivi: karibu na taa akae aliye nyuma, na aliye mbele amweleze. Mwepesi hapotezi kitu. Anayemweleza mwenzake hesabu mpaka ikaeleweka, naye huielewa mara ya pili. Deni hilo naliafiki, kwa kuwa halingoji shahada. Hulipwa jioni ile ile. Atakayekwenda aende, reli ya Tabora ipo, wala asifungwe kamba ya lawama. Atakayebaki abaki na kitu kichwani, siyo na jina la kufeli tu.

Wewe wa mjini ungemketisha nani? Kabla hujajibu, likumbuke lile debe.