Mkono wa Kuosha Dhahabu



Mtazame anayeosha dhahabu. Anainama majini, anazungusha karai, anamwaga mchanga kidogo, anazungusha tena. Hana haraka. Mgeni akilishika karai hilohilo, dhahabu inakwenda na maji. Mchanga ni uleule. Maji ni yaleyale. Mkono siyo ule.

Na kipaji ndivyo kilivyo. Kimo mchangani, kinangoja kuoshwa.

Marehemu Dikembe Mutombo, mchezaji wa mpira wa kikapu, mtoto wa Kinshasa, urefu alizaliwa nao. Lakini alipofika Chuo Kikuu cha Georgetown kule Marekani, alitaka kusomea udaktari. Ni kocha John Thompson aliyemfundisha, akamfundisha tena, mpaka washambuliaji wakaanza kumwogopa. Warefu wako wengi, jamani! Wanaozuia mpira kama Mutombo, wako wapi?

Sisi tukimsikia kijana anapiga gitaa vizuri kanisani, tunasema: huyu amezaliwa nalo. Tunamdhulumu. Hatukumsikia usiku, akirudia kipande kilekile, mpaka jirani akagonga ukuta.

Leo kazini yupo anayekushinda kwa jambo fulani. Msogelee. Mwambie: kaka, dada, nionyeshe unavyoanza.