Waya Ukiwa Mfupi, Usiuvute

Vijana wangu mnaoingia kwenye ufundi umeme, wengine mmetoka VETA na vyeti vyenu, wengine mmejifunzia chini ya ngazi mkimshikia fundi bisibisi. Nyote mtakutana na jambo hili. Dari imeshapigwa jipsamu na kupakwa rangi, mwenye nyumba ameshanunua taa yake, na waya unaochungulia kwenye tundu haufiki kwenye konekta ya taa. Aliyewatangulia aliukata mfupi kwa kubana matumizi, ninyi ndio mmeachiwa deni.

Kishawishi cha kwanza ni kuukamata kwa koleo na kuuvuta. Msifanye hivyo. Huko juu waya umepigiliwa klipu kwenye mbao, au umeingia kwenye boksi na kukazwa skrubu. Ukiuvuta unalegeza maungio usiyoyaona. Taa itawaka, utalipwa, utaondoka, na ubovu umeuacha umelala juu ya dari.

Cha pili ni kusokota waya kwa waya, kuzungushia tepu nyeusi na kusukumia yote ndani ya tundu. Chini ya bati, jua la mchana huifanya dari kuwa tanuri. Gundi ya tepu inalainika, tepu inafunguka, shaba inabaki wazi mahali panya wanapopita. Na waya uliosokotwa hulegea polepole. Palipolegea hupata moto, na palipo na moto pana mbao kavu.

Najua mtakavyonijibu: "Mzee, hii ni taa ya LED, wati 9 tu." Haya, tupige hesabu. Wati 9 kwa volti 230 ni karibu miliampea 40. Kifaa cha RCD cha kulinda watu dhidi ya kupigwa na umeme hupangwa kikate kwenye miliampea 30. Maana yake ni kwamba mkondo unaowasha hako kataa unakodharau tayari umevuka kiwango ambacho kifaa cha kuokoa maisha hakikubali kiupite mwili wa mtu. Tena maungio hayo huenda yanapitisha umeme wa taa zote zilizo mbele yake, si wa hiyo moja. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa shikeni utaratibu. Zimeni umeme kwenye breka, msitosheke na swichi ya ukutani. Nyumba nyingi zimefungwa kwa kupitisha laini kutoka taa hadi taa, kwa hiyo darini kuna waya wenye moto saa zote, swichi iwe imewashwa au imezimwa. Msiamini rangi peke yake. Nyumba za zamani zina laini nyekundu na nyutro nyeusi, za sasa kahawia na bluu, na fundi aliyeishiwa na rangi moja alitumia aliyokuwa nayo. Jaribuni testa mahali mnapojua pana umeme, pimeni waya, kisha rudini muijaribu tena pale pale pa kwanza. Testa iliyokufa humwambia fundi kwamba kila waya ni salama.

Baada ya hapo tafuteni urefu kwa njia halali. Pandeni darini mtazame. Mara nyingine kufungua klipu moja kunatosha kuushusha waya mnaouhitaji. Ikiwa umepita kwenye paipu, vuteni waya mpya kutoka boksi la karibu. Haya yote yakishindikana ndipo muunge, na muunge kwa konekta, ndani ya boksi lenye mfuniko, mahali ambapo fundi mwingine atafika bila kuvunja dari. Waya wa kuongezea usiwe mwembamba kuliko wa awali. Kwenye taa kwa kawaida ni wa milimita 1.5 za mraba. Menyeni ganda kwa kadiri ya kina cha konekta, shaba isionekane nje, kazeni skrubu, kisha mjaribu kila waya kwa kuuvuta kidogo kwa vidole. Heri uchomoke ukiwa bado mkononi mwenu. Waya wa ethi nao uungwe kama wenzake. Taa yenye mwili wa chuma isiyo na ethi humngoja atakayepanda kiti kuifuta vumbi.

Kufunga taa yenyewe kuna sheria moja: waya hupeleka umeme, uzito hubebwa na skrubu na ubao. Jipsamu peke yake haishiki skrubu ya taa nzito. Tafuteni mbao za dari. Zisipokuwepo mahali pa taa, ongezeni kipande cha ubao juu yake. Mnapounga, taa ishikwe na msaidizi au itundikwe kwa kamba, isining'inie kwenye konekta hata kwa dakika moja. Na msimkubalie anayetaka panga boi lifungwe kwenye kitako cha taa. Feni huzunguka na kutikisika, nayo inataka ndoano yake kwenye boriti.

Mkitandaza waya kwenye nyumba mpya, acheni sentimita 20 hivi kwenye kila tundu la taa, ili fundi ajaye asiingie kwenye kishawishi mlichokikuta ninyi.

Mwenye nyumba atawauliza, "Si uunge tu, kwani nani ataona huko juu?" Mwelezeni kwa adabu bei ya boksi na konekta, nazo ni rahisi kuliko balbu nyingi. Akikataa, kunjeni ngazi mwondoke. Kibarua kitapatikana nyumba ya pili, tena leseni ya EWURA mliyoihangaikia haifai kuchezewa kwa ajili ya konekta.