Kesheni Pamoja na Anayejaribiwa



Kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima twasomewa habari za Bwana wetu alipojaribiwa nyikani. Kwa kuwa twaisikia kila mwaka, ni rahisi kudhani kwamba majaribu ni mambo ya mlevi, na ya mkulima atiaye maji katika gunia la chai ili lizidi uzito kwenye mizani. Lakini angalieni Shetani alianza na nini. Hakuanza na falme za dunia. Alianza na mkate, mbele ya mtu mwenye njaa ya siku 40. Jaribu la kwanza lilikuja katika sura ya msaada.

Sisi wa Makandana twalijua jaribu la namna hiyo. Wengi wetu tumelala katika hospitali iliyo hapa kwetu, ama kwa ugonjwa wetu wenyewe, ama kwa kumwuguza mtu wetu. Tuseme mama amekaa na mtoto wake wodini usiku wa tatu. Mvua ya Tukuyu haikatiki, baridi ni kali, homa haishuki, na fedha ya chakula imekwisha. Ndipo anapofika shangazi yake kutoka kijijini, mtu ampendaye kweli, akamnong'oneza: "Mwanangu, ugonjwa huu si wa hospitali. Kuna mkono wa mtu. Tumchukue mtoto twende kwa mganga, naye atamtaja."

Jaribu hilo lina meno mawili. La kwanza ni kumtoa mtoto katika dawa kabla dawa haijafanya kazi yake. La pili latisha zaidi, nalo ni kupewa jina la jirani wa kumchukia. Mtoto aweza kupona, na chuki ile ikabaki kati ya nyumba mbili hata kwa wajukuu. Hatusemi juu ya majani na mizizi ambayo wazee wetu walitibia kikohozi na tumbo. Twasema juu ya kutafuta mtu wa kulaumiwa.

Tukisikia mama yule amekwenda kwa mganga, twajua sana la kusema Jumapili. Twasema imani yake ni haba. Lakini tujiulize, ndugu: usiku ule wa tatu sisi tulikuwa wapi? Shetani alimwendea Bwana wetu nyikani, mahali pasipo watu. Na Bwana aliyeshinda huko, usiku wa Gethsemane hakuona haya kuwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Nao walilala. Ikiwa Mwana wa Mungu alitaka wenzake wawe karibu saa ya kujaribiwa, sisi ni nani hata tumdai mama mmoja ashinde peke yake?

Wazee wa nchi hii walilijua jambo hili. Zamani vijana wa Kinyakyusa wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja, na kule kukaa kwa furaha, kula na kuzungumza pamoja, waliita ukwangala. Mama Monica Wilson, mtaalamu aliyekaa kati yao miaka ya 1930, aliandika kitabu juu ya vijiji hivyo, kikatolewa mwaka 1951. Lakini aliandika pia kwamba watu wale waliamini hasira ya majirani yaweza kumletea mtu ugonjwa. Basi jirani aliyekuwa furaha yao ndiye aliyekuwa hofu yao. Kristo hakuja kuuvunja ukwangala. Amekuja kuuponya, ili jirani apokelewe kitandani pa mgonjwa kama ndugu, wala asiogopwe kama adui.

Tazameni pia Sala ya Bwana. Ndani yake hakuna neno "mimi". Hatuombi kila mtu kwa nafsi yake asiingie majaribuni. Twaomba sote kwa ajili ya wote. Aombaye hivyo asubuhi, kisha jioni akampita mwenzake anayejaribiwa, ameikana sala yake kwa miguu yake.

Mtume Paulo awaambia Wakorintho (1 Kor. 10:13) kwamba pamoja na jaribu Mungu huweka njia ya kutokea. Mara nyingi njia hiyo huja kwa miguu, imebeba chupa ya uji. Basi Umoja wa Akina Mama, vijana na wazee wa kanisa, tupeane zamu. Twende na blanketi. Tukae na mama ili apate kulala kidogo. Tumsaidie kumwuliza mganga mkuu ama muuguzi yale asiyoyaelewa. Tuombe kwa maneno machache. Na shangazi tusimkemee, maana naye anaogopa. Tumkaribishe akeshe nasi. Kisha tupite na kwa yule jirani anayenong'onwa, tumsalimu mbele ya watu.

Hatuahidi kwamba kila mtoto atapona. Wengine tumewazika, na machozi bado hayajakauka. Lakini mama amzikaye mtoto wake huku ndugu zake wamemshika mkono, wala hana jina la adui moyoni, huyo Shetani hakumshinda.

Bwana, uliyejaribiwa kama sisi, utuamshe tulalao, tukeshe nawe katika ndugu zako walio wadogo. Amina.