Ujira wa Waliotujengea

Masomo: Yeremia 22:13–19, 2 Wafalme 22:3–7



Masika yamekwisha, mpunga umeingia ghalani, na katika bonde letu la Kilombero matanuru ya matofali yameanza kuwashwa. Apitaye jioni kutoka Ifakara kuelekea mtoni huona moshi umelala juu ya majaruba, na harufu ya pumba ziunguazo humfuata mpaka nyumbani kwake. Huu ndio wakati wa kujenga. Tangu sasa mpaka mvua zirudi, kila mwenye fedha kidogo huwatafuta waashi, na mwashi mwema hapatikani upesi. Kwa hiyo twaona yafaa mwezi huu tutafakari neno ambalo halisemwi sana mimbarani, nalo ni ujira wa wale wajengao nyumba, hasa nyumba za wageni waliokuja kukaa kati yetu.

Nabii Yeremia alitumwa kwa Yehoyakimu mfalme wa Yuda na neno zito. Mfalme huyu alikuwa akijijengea nyumba kubwa, yenye vyumba vya juu vipana na madirisha mengi, akaifunika kwa mierezi na kuipaka rangi nyekundu. Nabii hakumlaumu kwa kuwa alipenda nyumba nzuri. Alimtangazia ole kwa sababu waliomjengea walikuwa jirani zake, naye aliwatumikisha bure. Akamkumbusha habari za baba yake, ya kwamba yeye naye alikula na kunywa wala hakukosa kitu, walakini aliwafanyia watu haki, na mambo yake yakawa mema.

Baba huyo ni nani? Ni Yosia. Tufungue basi Kitabu cha Pili cha Wafalme. Nyumba ya Bwana ilikuwa imebomoka mahali mahali, na Yosia akaagiza fedha iliyokusanywa mlangoni itiwe mikononi mwa wasimamizi, nao wawape maseremala, wajenzi na waashi. Tena twasoma ya kwamba wasimamizi wale hawakudaiwa hesabu, maana walitenda kwa uaminifu. Jambo hilo lilikuwa katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake. Tukiihesabu miaka kama ilivyoandikwa, Yehoyakimu wakati ule alikuwa mtoto wa miaka kama 12. Yamkini alisikia nyundo zikilia hekaluni, akaona waashi wakipokea fedha yao. Alilelewa katika nyumba ya mtu aliyewalipa waashi, naye alipokua akawadhulumu waashi. Tena nchi ilikuwa imekwisha kukamuliwa, kwa sababu Farao Neko alitoza talanta 100 za fedha na talanta moja ya dhahabu, na Yehoyakimu aliwatoza watu wake mali hiyo. Katika enzi ya namna hiyo ndipo alipotaka madirisha mapana.

Sasa turudi bondeni kwetu. Wageni si jambo jipya hapa. Walikuja wamisionari. Katika miaka ya 1950 wakaja Waswisi na maabara yao ya kuchunguza magonjwa, ambayo kazi yake leo ni ya Taasisi ya Afya Ifakara. Wakaja Wachina waliojenga reli ya TAZARA tangu mwaka 1970 hata 1975. Siku hizi wako madaktari, walimu na watafiti, wako waliooa au kuolewa kwetu, na wako wana wa nchi hii hii waliokaa Ulaya na Marekani hata wamekuwa kama wageni, nao hutuma fedha ili wajengewe. Tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, saruji na mabati huvuka kwenda Lupiro, Mahenge na Malinyi pasipo kungoja kivuko, na nyumba za namna hiyo zimezidi. Twashukuru. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini twauliza: ni mwenyeji yupi aponaye? Ni yule aliyechota maji ya kukorogea udongo, au ni yule aliyeishika mfukoni fedha ya maji yale?

Wengine watasema, deni la mgeni ni la mgeni, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Sheria ya Ardhi ilipotungwa mwaka 1999 haikumpa ardhi mtu asiye raia ila kwa ajili ya uwekezaji. Kwa sababu hiyo mara nyingi nyumba ya mgeni husimama katika kiwanja cha mkewe, au cha usharika, au cha taasisi anayoitumikia, na jina lililoandikwa katika hati ni jina la kwetu. Tena mgeni hajui bei ya tripu ya mchanga, wala hajui ni nani fundi na ni nani anayejiita fundi. Humtafuta mtu wa kuaminiwa. Na mtu wa kuaminiwa ni nani, kama si mzee wa kanisa, au mwinjilisti, au mwalimu? Ndiyo maana twaliandika neno hili katika gazeti hili, wala si katika barua kwa wageni.

Torati yaagiza kibarua apewe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautazamia, akiwa ndugu au akiwa mgeni akaaye katika nchi (Kumbukumbu la Torati 24:14–15). Zamani zile ilikuwa mgeni ndiye kibarua. Kwetu mambo yamegeuka, mgeni ndiye mwenye kujengewa na mwenyeji ndiye kibarua. Walakini jua ni lile lile, na lachwa saa ile ile.

Wazee wetu waliijua habari ya kipande. Katika mashamba ya mkonge, siku za Wadachi na baadaye siku za Waingereza, kila mfanyakazi alipewa karatasi yenye nafasi 30, siku moja ya kazi ikaandikwa katika nafasi moja, na mshahara haukutoka mpaka nafasi zote zimejaa. Akiugua, hangojewi na mtu ila na njaa. Serikali ile imekwenda zake na karatasi zile zimekwisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka ujira ulipwe mahali pa kazi, katika saa za kazi, siku ile iliyopatanwa, na siku ya kazi isipite saa tisa. Lakini twaona mioyoni mwetu kipande kingaliko. Msimamizi humwambia msaidizi wa fundi: ngoja lenta ifungwe, na lenta ikifungwa humwambia: ngoja tupaue.

Huyo angojaye anangoja nini? Ninyi wenyeji wa bonde mwajua. Fedha ya ujenzi ndiyo ilimayo shamba. Mtu afyatuaye matofali mwezi wa Agosti anafikiri trekta la mwezi wa Novemba, na mbegu, na madaftari ya watoto mwezi wa Januari. Fedha hiyo ikikawia wiki tatu tu, mvua haikawii pamoja nayo. Trekta laenda kwa mwingine, na mtu hukopa, akiuweka rehani mpunga usiopandwa bado. Kwa mwenye nyumba wiki tatu ni kitu kidogo. Maji ya kifuu bahari ya chungu.

Sasa tuseme wazi mahali panapovuja. Mgeni hutoa fedha, mara nyingi kwa simu akiwa mbali. Msimamizi huipokea, humpa fundi mkuu, naye fundi mkuu hupaswa kuwapa wasaidizi wake, wachimba msingi, wanawake wanaoponda kokoto na kuchota maji. Katika kila mkono hubaki kidogo. Fedha hushuka kama maji ya mfereji wa shamba, na wenye majaruba ya mwisho huona tope tu. Mgeni huko aliko hulala usingizi akijua amelipa, tena amelipa vizuri. Hakuna mwizi anayeonekana. Lakini Yakobo asema ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo imekwisha kuingia masikioni mwa Bwana wa majeshi (Yakobo 5:4).

Katika Katekisimu Ndogo, ambayo Daktari Luther aliiandika mwaka 1529, tunafundisha watoto maana ya ombi la mkate wa kila siku, na humo huhesabiwa chakula, mavazi, nyumba, shamba, fedha, hata hali njema ya hewa. Nyumba ya mgeni na shamba la mchota maji zimo katika ombi moja. Basi atakayeijenga ya kwanza kwa kuliacha la pili likose kulimwa, ameomba nini alipoomba?

Hatusemi ya kwamba mafundi ni malaika. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka ule ule Luther, akiieleza amri ya saba, awakemea pia mafundi na vibarua wadaio bei wapendavyo na kufanya kazi ovyo. Kwetu wako wachukuao fedha ya kwanza kisha hawaonekani, mpaka wapelekewe wajumbe kama watu wa posa. Wako wapunguzao saruji katika zege kwa kuwa mwenye nyumba hajui kuitazama. Kuna na ile bei ya mgeni. Juu ya hiyo twasema hivi: fundi akitaja bei kubwa waziwazi, na mgeni akiikubali kwa hiari, hayo ni mapatano, lakini kuandika mifuko 40 ya saruji na kununua 30 ni wizi, hata kama aliyeibiwa ni tajiri, hata kama mwizi huimba kwaya. Na kosa la fundi halimpi mtu ruhusa ya kumnyima msaidizi wake, ambaye hakuchanganya zege ile kwa shauri lake.

Kwa ninyi mnaopewa usimamizi, haya tumeyaona yanafaa. Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili katika karatasi mbili, moja ya fundi na moja ya mwenye nyumba, yakitaja malipo kwa hatua: msingi, kuta mpaka lenta, kupaua, lipu. Wasaidizi walipwe kila Jumamosi mchana pale kazini, kila mtu mkononi mwake na jina lake likiandikwa, wala wasilipwe kwa mkono wa fundi mkuu. Yasemwe mapema ni nani atakayelipa hospitali mtu akianguka kutoka juu ya kiunzi. Nguo kuukuu na picha na sikukuu ya kuezeka ni zawadi njema, lakini zawadi si ujira. Tena wengi wa waashi wetu ni Wakatoliki na Waislamu. Ujira hauulizi ubatizo. Wasimamizi wa Yosia hawakudaiwa hesabu, lakini sisi tuiandike, mpaka tutakapoaminika kama wao.

Twaandika haya si kwa kuwa tu safi. Mwaka mmoja mgeni fulani alitukabidhi ujenzi wa nyumba yake pembeni mwa Ifakara, akasafiri. Mwezi wa Novemba alituma fedha ya wasaidizi, ya wiki tatu. Siku zile tulisikia mabati yatapanda bei, nasi tukatwaa fedha ile tukanunua mabati, tukijiambia tumemwokolea mgeni mali yake, na wasaidizi watangoja kidogo. Hatukumwuliza yeye, wala hatukuwauliza wao. Jioni moja mama mmoja aliyekuwa akichota maji na kubeba mchanga alikuja mlangoni petu. Akatuamkia, “Shikamoo, Mwalimu.” Tukaitika, tukamkaribisha kiti. Akasema, “Nimekuja kuwajulia hali tu.” Akakaa, akasema habari za mawingu, akauliza watoto wetu, akaaga. Kila mtu wa kwetu aweza kuifasiri salamu ile. Nasi tuliielewa, tukamsindikiza mpaka njiani, tukamtakia usiku mwema.

Tulimlipa Desemba, fedha yote, pasipo kupunguza hata shilingi. Akahesabu, akashukuru, kisha akasema polepole, “Nilikwisha kukopa, Mwalimu.” Mwezi wa Juni mpunga ulipovunwa, magunia mawili yalitoka nyumbani kwake kwenda kwa aliyemkopesha. Mgeni wetu alirudi akakaa chini ya mabati yale, akatusifu mbele za watu kwa uangalifu wetu, nasi tukanyamaza. Juzi tumemwandikia barua kumweleza. Na magunia mawili tumeyapeleka kwa mama yule. Hatukumkuta, alikuwa shambani, tukayaacha kwa mwanawe.