Sindano Isiyo na Uzi

Marehemu mama yangu alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, na kwa kazi ya cherehani hiyo tulivaa, tukala, tukasomeshwa. Katika miaka yake ya mwisho alipenda kuketi nasi jioni kutazama taarifa ya habari katika televisheni. Jioni moja, kabla ya habari, lilipita tangazo la biashara la watu wanaotoa mikopo. Alionekana mwanamke kijana, nadhifu, akitabasamu mbele ya cherehani, mkono wake wa kulia ukizungusha gurudumu. Mama aliweka kikombe chini, akasema, "Huyo hashoni."

Nilipomwuliza amejuaje, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua huchwea upande gani. Sindano haikuwa na uzi. Mguu wa kukandamiza kitambaa ulikuwa juu, haujateremshwa. Tena gurudumu lilikwenda kinyume: katika cherehani ya namna ile gurudumu huzungushwa kumjia mshonaji, na likipelekwa upande wa pili uzi hujisokota chini ya kitambaa na kukatika. Sisi watoto wake, watu wazima tayari, tulicheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo nimeshikwa na maradhi ya kutafuta makosa ya vyombo katika matangazo ya biashara, na makosa hayaadimiki. Daktari anayesifu sabuni amevaa kipimo cha kusikilizia moyo, lakini ncha za masikioni zimeelekea nyuma, ilhali tundu la sikio huingia kwa kuelekea mbele, upande wa pua. Kwa kuvaa hivyo huyo bwana hasikii moyo wa mtu vizuri. Fundi wa redio ameshika chuma cha kulehemu si penye mpini bali penye chuma chenyewe, mahali ambapo, kikiwaka, hupita nyuzi 300 za sentigredi. Naye anatabasamu! Watu wa matangazo hutabasamu hata wakiungua.

Je, picha za namna hii ni uongo? Swali hili si jipya. Mwaka 1959 huko Marekani, kampuni ya Colgate-Palmolive ilionyesha katika televisheni krimu yake ya kunyolea, Rapid Shave. Krimu ilipakwa juu ya kilichosemwa kuwa msasa, na mara wembe ukapita ukaunyoa msasa ule ukabaki laini. Kumbe haukuwa msasa: ulikuwa plastiki angavu iliyonyunyiziwa mchanga. Msasa wa kweli uliweza kunyoleka, ila baada ya kuloweshwa kwa muda wa dakika 80 hivi. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na mwaka 1965 ikaamuliwa kwamba mtazamaji alidanganywa, kwa kuwa aliambiwa anashuhudia jaribio kwa macho yake mwenyewe, wala halikuwapo jaribio. Mahakama iliona pia kwamba si kila kitu cha bandia ni hila. Viazi vilivyopondwa vikitiwa bakulini badala ya aisikrimu, kwa sababu aisikrimu huyeyuka chini ya taa za studio, si lazima viwe udanganyifu, maadamu havitumiwi kuthibitisha ubora wa bidhaa.

Huu ni upambanuzi mwema, nami ninaukubali. Hata hivyo, yule mwanamke wa cherehani siwezi kumweka penye msasa wala penye viazi. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mteja, kwani kilichouzwa ni mkopo, si ushonaji. Wala haikuwa dharura ya studio, kwani uzi hauyeyuki kwa taa. Ni kwamba hakuna aliyeuliza. Katika miji yetu huhitaji kwenda hatua mia kabla ya kumkuta mshonaji barazani. Angeitwa mmoja, kwa malipo ya soda, angetunga uzi kwa nukta chache. Waliotengeneza tangazo waliitaka heshima ya kazi ya mshonaji, ile sifa ya mtu anayekula jasho lake, nao wakaichukua bila kumbishia hodi mwenye nayo. Ndiyo maana mama hakucheka. Aliona kwamba katika kundi kubwa la watu waliopima, kupiga na kuidhinisha picha ile, kazi yake ya miaka yote haikuwa na hata mtu mmoja wa kuitambua.

Wako watakaosema kwamba huu ni ujuaji, na kwamba mwenye kutafuta kosa hakosi kulipata. Sikatai. Utamu wa kuona kosa la mwingine ni utamu wa hatari, nasi washairi tunaujua: yuko mtu ambaye, ukimsomea utenzi wa kumlilia mamako, yeye huhesabu mizani kwa vidole. Nami kicheko changu cha jioni ile kilikuwa cha namna hiyo. Lakini jicho la mama lilikuwa jingine. Yeye hakutafuta kitu. Mkono uliozoea kazi ulikataa wenyewe, kama sikio linavyokataa neno lisilo la lugha.

Tena mimi si msafi. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi niliyokuwamo, niliitwa kukagua tangazo fupi la televisheni kwa wakulima wa pamba juu ya kupulizia dawa ya wadudu. Nilikagua Kiswahili chake neno kwa neno, nikafuta maneno mawili ya ovyo, nikatia sahihi. Baadaye tulikwenda kulionyesha kijijini. Mzee mmoja alilitazama mpaka mwisho, akainua mkono, akasema kwa upole, "Ndugu ofisa, huyo kijana upepo unamjia usoni. Dawa yote inamrudia yeye." Lilirudishwa, tukatazama tena. Kweli kijana alikuwa amebeba bomba mgongoni, kinywa wazi, bila kitambaa usoni, akienda mbele huku ukungu wa dawa ukimkumba kifuani na usoni. Nilikuwa nimeitazama picha ile zaidi ya mara tano. Nilisikia maneno tu. Na waliokuwa wameketi mbele kabisa, chini, ni wanafunzi wa shule ya pale, ambao jioni huwasaidia wazazi wao mashambani. Wao walikwisha kuiona mara mbili.

Niliporejea niliandika barua kuomba picha ipigwe upya, mkulima halisi akishika bomba. Jibu lilikuja baada ya msimu wa kupulizia kwisha.