Ukishameza, Hofu ni ya Nani?

Kuna swali moja linaonekana dogo, lakini mimi naliona kubwa. Mtu akishakula nyama ambayo pengine haikuiva, kuhofia ni haki yake au ni kujisumbua bure? Na hofu hiyo inamdai afanye nini?

Hapa Bujumbura swali hili haliko mbali. Jioni ukipita Buyenzi au Bwiza, moshi wa mishikaki, au brosheti kama wengi wanavyoita, unakukuta njiani kabla hujaiona mbabula. Makala ni ghali, wateja wana haraka, taa ni hafifu. Nje nyama imeshaungua, ndani bado ina damu. Unagundua umeshameza nusu.

Kwenye kikundi chetu cha vijana, msichana mmoja wa Uvira aliuliza: "Yaya, nilikula nyama, mu katikati ilikuwa nyekundu. Sasa nifanye nini?" Wenzake wakacheka. Mmoja akasema mtu aliyevuka Ruzizi usiku akikimbia risasi hawezi kuogopa kipande cha nyama. Jibu lilikuwa tamu, lakini halikunitosha.

Ni kweli, aliyepitia makubwa huona madogo ni upuuzi. Ila tumbo halijui historia yako. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa chakula kisicho salama, na 420,000 hufa. Kati ya hao, 125,000 ni watoto chini ya miaka 5. Kwa hiyo yule msichana si mwoga, anaogopa kitu kilichopo.

Lakini hofu nayo iwe na kipimo. Kwenye kipande kizima cha nyama, bakteria wengi hukaa juu, pale moto unapofika kwanza. Kuku na nyama ya kusaga ni hatari zaidi zikibaki mbichi ndani. Wengi hula nyama yenye damu na hawaugui. Kukesha ukijishika tumbo hakurudishi nyama sahanini. Ugonjwa unaweza kuanza baada ya saa chache, au baada ya siku kadhaa. Basi ngoja ukiwa macho. Ukiharisha, kunywa SRO. Ukikosa pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika hadi maji hayakai, au kuharisha zaidi ya siku 3, nenda kituo cha afya.

Mpaka hapo hofu ni ya mlaji peke yake. Nyama ya nguruwe inabadilisha hesabu. Ikiwa na mbegu za tegu na haikuiva, mdudu anakua tumboni mwako, na pengine husikii chochote. Mayai yake yanatoka na choo. Pasipo na latrini nzuri, au mikono isiponawiwa, mtu mwingine anayameza. Kwake yeye mdudu anaweza kufika mpaka kwenye ubongo na kumletea kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali tegu huyu amezoeleka, anachangia karibu 30% ya visa vya kifafa. Kumbe hata Mwislamu wa Buyenzi ambaye hajawahi kugusa nguruwe anaweza kuumia kwa mlo wa jirani. Halafu akianguka, watu wanakimbia wakidhani kifafa kinaambukiza kwa mate, na wengine wanamwacha hata akiangukia moto. Hakiambukizi kwa mate. Msaidieni.

Ndiyo maana naona swali "Je, nitakufa?" ni nusu tu. Nusu nyingine ni "Nani anakula baada yangu?" Hofu ikibaki kwangu inanila. Ikifika kwa mwenzangu inakuwa wajibu: kunawa mikono, kufunika choo, kumwambia mchomaji, "Ndugu, rudisha kidogo kwenye moto."

Na hapo ndipo pagumu. Mkimbizi anaogopa kuonekana anaringa, tena lafudhi yake inajulikana. Na mama aliyeuza sehemu ya posho ili mgeni apate nyama, utamwambiaje haikuiva? Kwetu kukataa chakula ni kama kumkataa mtu. Mimi nasema heshima isidai tumbo la mtoto. Unaweza kumshukuru mama, ukainuka mwenyewe, ukasaidia kuchochea moto. Kusaidia kupika hakumvunjii mtu heshima.

Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipopiga mifugo ya Burundi, serikali ilisimamisha kwa muda uchinjaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wenye bucha waliumia mfukoni, lakini uamuzi ule uliitwa tahadhari. Hofu ya serikali inaitwa tahadhari, hofu ya msichana mmoja inachekwa. Kwa nini? Zote mbili zinalinda watu.

Kwenu ndugu zetu wa mashirika, nina neno moja. Mwaka 2025 PAM ilipunguza posho za wakimbizi hapa nchini. Familia inayopima kuni kwa mkono haiwezi kuchemsha nyama saa mbili. Mkibandika picha inayosema "Pika hadi iive", ulizeni pia: kwa moto gani? Ukimdai mtu tahadhari ambayo hana uwezo wa kuilipia, unamwongezea mzigo wa lawama juu ya njaa.

Na kwa sisi vijana: mwenzako akisema anaogopa, usimcheke. Muulize alikula nini, lini, na kina nani walikula naye. Halafu mkawaangalie na wao.